Daraja la biashara si moja: siti ipi utalala ukitoka Songwe hadi Guangzhou?

Ukikutana na Mnyakyusa asubuhi atakuuliza, "Ugonile?" Yaani, umelala? Mimi nakata tiketi za ndege hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya, na kwa miaka yote niliyokaa nyuma ya meza hii sijapata swali zuri kuliko hilo la kupimia siti ya daraja la biashara. Taulo ya moto, glasi ya shampeni, kipochi chenye mswaki na soksi, hizo ni mbwembwe. Unalipa mara kadhaa ya nauli ya kawaida kwa sababu unataka kufika Guangzhou saa mbili asubuhi na kuingia sokoni saa nne ukiwa na akili zako. Kama hukulala, umenunua chakula cha bei mbaya sana.

Kinachonishangaza ni kwamba watu wa huku siti wanazijua. Mtu akienda stendi kukata tiketi ya basi la Dar, safari ya zaidi ya kilomita 800, anahoji kama polisi. Ni mbili kwa mbili au mbili kwa moja? Hii siti si ya tairi? Jua litakuwa upande gani tukifika Mikumi? Mtu huyohuyo akija kwangu na mamilioni ya kwenda China, swali ni moja tu: "Ni ndege ya kampuni gani?" Nikimtajia jina analolipenda, anatoa pesa.

Kampuni haitoshi. Kampuni moja inaweza kuwa na siti za aina tatu kwenye ndege zinazofanana kwa nje kama mapacha. Cha kuuliza ni kilekile cha stendi: kwenye mstari mmoja zimepangwaje?

Mbili-tatu-mbili

Huu ndio mpangilio wa zamani wa ndege pana kama Boeing 777. Siti mbili dirishani, tatu katikati, mbili dirishani upande wa pili. Emirates, ambao kwa miaka mingi wameleta Dar ndege aina ya 777-300ER, walikuwa nao kwenye ndege nyingi za aina hiyo. Sasa wanazikarabati, na zilizokwisha kukarabatiwa zina moja-mbili-moja. Kwa hiyo wiki hii unaweza kupanda mpya na wiki ijayo ukapanda ya zamani, kwa njia ileile na pengine kwa nauli ileile.

Siti ya katikati kwenye zile tatu sitamuuzia hata adui yangu. Nimewahi kuiuza, bila kujua. Mama mmoja wa vitenge hapa sokoni nilimkatia siti ya dirishani kwenye ndege ya moja-mbili-moja, nikamwonyesha na picha, akafurahi. Siku mbili kabla ya safari shirika likabadilisha ndege. Mfumo ukazipanga upya siti zote wenyewe, na mimi sikurudi kuangalia. Mama akasafiri usiku kucha katikati ya wanaume wawili wasiomjua, blanketi mpaka shingoni, anaogopa hata kunyoosha mkono. Kwenda chooni ilibidi apite juu ya miguu ya mtu aliyelala. Aliporudi alikuja ofisini, akakaa, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, ile ni siti ya kondakta." Tangu siku hiyo kila tiketi ya daraja la biashara naifungua tena siku tatu kabla, halafu naifungua tena siku moja kabla.

Kama huna namna na ndege ni hiyo, mke na mume wachukue zile mbili za dirishani. Anayesafiri peke yake achukue ya korido, na ajue jirani anaweza kumruka usiku.

Mbili-mbili-mbili

Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa sababu ya mazoea ya basi. Ethiopian wanautumia mpangilio huu kwenye Dreamliner zao, Boeing 787, na kwenye nyingi siti zinalala kama kitanda. Mteja akiona ramani anakimbilia dirishani. Subiri kwanza. Ukikaa dirishani, jirani yako yuko kati yako na korido. Akilaza siti yake, wewe umefungiwa. Ukikaa korido upande huohuo, wewe ndiye utakayerukwa.

Angalia zile mbili za katikati. Kila moja ina korido yake, mmoja anatokea kushoto, mwingine kulia. Hakuna wa kumruka mwenzake. Kwa mtu anayesafiri peke yake, tena usiku, katikati ndiyo siti bora ya mpangilio huu, na mara nyingi ndiyo inayobaki mwisho kwa sababu watu hawataki kusikia neno "katikati". Hasara yake ni kwamba bega lako liko karibu na bega la mgeni, na kinachowatenganisha ni kibao kidogo tu.

Dirishani kunafaa watu wawili wanaojuana. Au mtu mmoja aliyepata mstari wa mbele kabisa wenye ukuta, kwa sababu pale kuna nafasi ya kupita mbele ya miguu ya jirani bila kumwamsha.

Moja-mbili-moja

Sasa tunazungumza. Kila abiria ana korido yake, na wa dirishani hana jirani kabisa. Ni ile mbili kwa moja ya basi la kifahari, upande wa siti moja, ila hapa unalala chali. Qatar wanao, KLM wanao kwenye Dreamliner zao, na kwenye A380 ya Emirates ghorofa ya juu ndio mpangilio wake. Lakini hata hapa siti hazifanani, na ndipo penye utamu.

Kuna ndege ambazo siti zote za dirishani zimelazwa mshazari, uso umeelekea dirishani na mgongo umegeukia korido. Hizo sina la kuchagua, zote ni nzuri. Dreamliner ya Qatar aina ya 787-8, yenye siti 22 za daraja hili, iko hivyo. Wanaojuana wakikaa katikati wanaelekeana kidogo, wanaweza kuongea bila kupaza sauti.

Kuna nyingine zimepangwa zigizaga. Mstari mmoja siti imesogezwa dirishani na kijimeza kiko upande wa korido, kinakukinga. Mstari unaofuata ni kinyume: kijimeza kiko dirishani na wewe uko koridoni, kila toroli linalopita linakupapasa kiwiko. Zote mbili kwenye tiketi zinaitwa "dirishani". Bei ni moja. Tofauti utaiona kwenye ramani ya siti ukitazama kwa makini: tafuta ile iliyogusana na ukuta wa ndege. A380 ya Emirates iko hivyo. Na kule nyuma ya ghorofa ya juu kuna baa, watu wanasimama wanakunywa na kucheka. Anayependa stori akae karibu, anayetaka kulala asogee mbele.

Halafu kuna zile zenye mlango. Qsuite ya Qatar, iliyoanza mwaka 2017 na ambayo utaikuta kwenye baadhi ya ndege zao za 777 na A350, ina kuta na mlango wa kusukuma kama kijichumba. Jambo la kuchekesha ni kwamba nusu ya siti zake zinaangalia nyuma. Tena hizo zinazoangalia nyuma ndizo zilizosogea dirishani, na zile za katikati zinazoangalia nyuma ndizo zinazoweza kuunganishwa zikawa kitanda cha watu wawili. Zinazoangalia mbele ziko upande wa korido. Nikimweleza mteja hivyo ananiuliza kama atatapika. Namuuliza: umewahi kukaa kile kibenchi cha Hiace nyuma ya dereva, mnatazamana na abiria wenzako kutoka Uyole mpaka mjini? Ulitapika? Kama hapana, chukua ya kuangalia nyuma. Kwenye ndege utaihisi wakati wa kupaa na kutua tu.

Mlango wenyewe nasema ukweli, kwangu haunipi kitu kikubwa. Ukishalala hujui kama umefungwa au uko wazi. Kwa akina mama wanaosafiri peke yao, hata hivyo, nimeona wanaupenda, na sababu wanazijua wao.

Miguu inaingia wapi

Watu wanapima upana wa siti, lakini kinachowatesa ni miguu. Kwenye siti nyingi za kisasa, ukilala, miguu inaingia kwenye kishimo kilicho chini ya kijimeza cha abiria wa mbele. Kishimo hicho kinabana. Ukilala ubavu na kukunja goti, goti linagonga. Mtu mrefu analala kama jambia ndani ya ala.

Mstari wa mbele kabisa hauna abiria mbele yake, kwa hiyo kwenye ndege nyingi pale kishimo ni kipana, wakati mwingine ni benchi zima. Mzee mmoja wa Tukuyu alikuwa anakwenda Mumbai kutibiwa goti, safari ya saa sita hivi kutoka Dar. Mwanawe alitaka siti ya nyuma "karibu na choo, asitembee sana". Nilimkatalia kwa heshima zote. Mzee wa goti anahitaji pa kunyoosha mguu kabla ya kuhitaji choo cha karibu. Alikaa mbele, mguu juu ya benchi.

Ila mbele kuna ubaya wake. Ukuta ule ndio unaopachikwa kitanda cha kichanga. Mtoto wa mwenzio akiamua kulia saa nane usiku, umelipa mamilioni kumsikiliza. Ramani nyingi za siti zina alama ya kitanda hicho, iangalie. Na mara nyingi nyuma tu ya ukuta huo kuna jiko la ndege au choo: taa, vikombe vinagongana, pazia linafunguka na kufungwa. Hii ndiyo siti ya tairi ya angani. Mstari wa mwisho wa daraja nao hivyohivyo, kama nyuma yake kuna jiko.

Mimi nikiulizwa na mtu mzima mwenye afya, asiyekuwa mrefu kupindukia, namweka mstari wa pili au wa tatu, dirishani. Kama ndege ina kile kijisehemu kidogo cha daraja la biashara chenye mistari michache, kilichotengwa nyuma ya mlango wa pili, namweka humo. Watu ni wachache, na kelele ni chache.

Angalizo la dirisha: kuna mistari ambayo dirisha halipo, ukuta mtupu, kwa sababu ndani yake mmepita mabomba ya hewa. Ramani ya shirika haisemi. Tovuti ya aeroLOPA inachora ndege kwa vipimo, na madirisha yanaonekana. Naifungua kwenye simu mbele ya mteja, tunahesabu madirisha pamoja.

Hewa ya Mbeya na hewa ya Kitulo

Hili wateja wangu wa nyanda za juu wanalielewa haraka kuliko mtu wa pwani. Ndege ikiwa juu, hewa ya ndani haijazwi kama ya usawa wa bahari. Kwenye ndege nyingi za zamani, 777 ikiwemo, inaweza kufika kiwango cha mlima wa mita 2,400 hivi. Hapo umeshapita mji wa Njombe, unaelekea Kitulo. Dreamliner na A350, ambazo maungo yake yametengenezwa kwa nyuzi za kaboni zinazostahimili mgandamizo, zinashikilia kama mita 1,800. Mji wa Mbeya uko kwenye mita 1,700. Maana yake ukiwa ndani ya Dreamliner juu ya Bahari ya Hindi, unavuta hewa ya nyumbani.

Mtu wa Mbeya au Makete hataona tofauti kubwa. Mtu wa Kyela, aliyezoea mita mia tano za kando ya Ziwa Nyasa, ataamka kwenye 777 kichwa kinamgonga na koo limekauka, na kwenye Dreamliner ataamka na nafuu. Kwa safari ya saa kumi, siti ya wastani kwenye Dreamliner naipa alama zaidi ya siti nzuri kidogo kwenye ndege ya zamani. Kwa saa tatu sibishani. Na usitafute pazia la dirisha kwenye Dreamliner, halipo. Kuna kitufe, unabonyeza kioo kinageuka bluu ya giza.

Basi tuchague njia ya Guangzhou

Hii ndiyo safari ninayoiuza zaidi kwa wafanyabiashara wa Mwanjelwa na Tunduma, kwa hiyo nitaisema kwa urefu.

Air Tanzania wanakwenda moja kwa moja kutoka Dar kwa Dreamliner, 787-8. Ina siti 262, na kati ya hizo 22 tu ni za daraja la biashara. Uzuri wake mkubwa hauko kwenye siti, uko kwenye kutobadili ndege. Usingizi mmoja mrefu. Chakula kikishaondolewa unalaza siti, na hakuna mtu wa kukuamsha ushuke Addis au Dubai saa tisa usiku, upite mashine za ukaguzi umeshika mkanda wa suruali. Lakini haiondoki kila siku, na siti 22 zinaisha mapema msimu wa biashara ukikaribia.

Kupitia Addis na Ethiopian, unagawanya safari vipande viwili visivyolingana: kama saa tatu, kisha usiku mzima. Hapo ushauri wangu ni mmoja. Kipande cha kwanza usihangaike nacho, kaa popote. Nguvu zote za kuchagua ziweke kwenye kipande cha pili. Ukikuta ni mbili-mbili-mbili, katikati, kama nilivyosema.

Kupitia Dubai vipande vinakaribiana zaidi, saa tano na nusu hivi halafu saba au nane. Kupitia Doha ni vivyo hivyo. Siti za vipande vya pili huwa nzuri sana, na kama macho yako yanapenda vitu vizuri utarudi na picha. Ila kulala kwa saa nne, kuamshwa, kukaa uwanjani, kulala tena kwa saa tano, si sawa na kulala kwa saa nane mfululizo. Mwili haujumlishi hivyo. Mtu wa miaka thelathini nampeleka huko bila wasiwasi, atafurahia. Mama yangu mwenyewe ningemkatia ya moja kwa moja, hata kama siti ni ya kawaida zaidi.

Jambo la pesa linalosahaulika: baadhi ya mashirika sasa yana nauli ya chini kabisa ya daraja la biashara isiyokupa kuchagua siti bure. Unalipia kando, au unasubiri siku ya kuondoka upewe iliyobaki. Umeokoa laki kadhaa, umeamkia katikati ya mbili-tatu-mbili. Soma masharti kabla hujasifia bei.

Na kipande cha Songwe je?

Kipande cha Songwe, uwanja wetu wa ndege hapa Mbeya, hadi Dar nasema bila kupepesa: usilipie daraja la biashara kwa ajili ya siti. Airbus A220-300 ya Air Tanzania ina siti 12 za daraja hilo, mbili kwa mbili, pana, na za ngozi. Ni nzuri, lakini hazilali, na safari ni ya saa moja na kitu. Hujamaliza soda mmeanza kushuka. Daraja la kawaida mle ndani ni mbili upande mmoja na tatu upande mwingine. Chagua upande wa mbili, umemaliza. Kinachoweza kubadilisha hesabu ni kilo za mzigo, kama tiketi yako ni moja mpaka mwisho. Hilo tulipigie mahesabu ofisini. Ukitaka kuuona Mlima Rungwe, kaa kulia.

Pesa uliyookoa hapo, lala nayo Dar usiku mmoja. Ukungu wa asubuhi wa Songwe haujui kwamba una ndege ya kuunganisha. Nimekaa pale uwanjani nasikia ndege inazunguka juu ya vichwa vyetu, haionekani, kisha mlio unapungua, unarudi Dar ilikotoka. Ndani ya jengo kulikuwa na mtu mwenye siti ya dirishani, moja-mbili-moja, mstari wa pili, iliyochaguliwa kwa akili zote hizi nilizowaandikia. Iliondoka Dar jioni ile bila yeye.

Yule mama wa vitenge alirudi kwangu mwaka uliofuata. Safari hii ilikuwa ya moja kwa moja, dirishani, mstari wa tatu, na siku moja kabla tuliifungua tena ramani wote wawili, yeye kavaa miwani. Alipofika alinitumia sauti kwenye WhatsApp. Nikamjibu kwa neno moja: "Ugonile?"

"Ndaga fijo, mwanangu," akanishukuru kwa Kinyakyusa, na nyuma yake honi za Guangzhou zinapigwa. "Nimelala mpaka chai ya asubuhi wamenipita. Sasa ile chai si nimeilipia? Waulize kama wanarudisha."